Muulize Shangazi Wino: Ukurasa Nao Una Uso

Barua za safari hii ni nyingi, na nusu yake zimeandikwa kwa hasira. Toleo lililopita nilisema msomaji huanza kuuhukumu ukurasa kabla hajasoma hata neno moja, na hukumu hiyo humsindikiza hadi nukta ya mwisho. Wapo walionikubalia, wapo walioniita mpambaji. Nimechagua barua tano, nyingine nimezifupisha, na majina nimeyaficha kama wenyewe walivyoomba.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa chama, na jarida la wanachama ninaliandaa mwenyewe. Naandika mambo ya maana: hesabu, maamuzi ya mikutano, haki za mwanachama. Lakini kila mkutano watu wanauliza maswali ambayo majibu yake yamo humohumo. Mwenyekiti anasema jarida "halivutii". Mimi naona hayo ni mapambo tu. Mtu mwenye akili timamu si anasoma maneno? Nimekuambatishia ukurasa wa kwanza. – Katibu Asiyesomwa

Marahaba, Katibu. Ukurasa nimeupata, nikaubandika ukutani mbele ya meza yangu, nikautazama kwanza bila kuusoma. Wanachama wako nao ndivyo wanavyoanza.

Haya ndiyo niliyoyaona. Nembo ya chama umeiweka nyuma ya maandishi kwa samawati iliyopauka, na ule mstari unaotaja tarehe ya mwisho ya kulipa ada umeangukia palepale nembo ilipokolea. Aya ya kwanza yote ni herufi kubwa. Herufi kubwa zina kimo kimoja, hazina shingo wala mkia, jicho linakosa pa kushika na mwendo wa kusoma unapungua. Fonti, yaani mitindo ya herufi, ziko aina nne, mojawapo ile yenye mikunjo ya kadi za harusi. Kila sentensi uliyoiona muhimu umeikoza, ukaipigia mstari, kisha ukaitia nyekundu. Nilipofika chini, nyekundu zilishakuwa nyingi kuliko nyeusi, kwa hiyo hakuna tena cha muhimu. Na mistari inatoka ukingo hadi ukingo wa karatasi, herufi zaidi ya mia kila mmoja. Nikimaliza mstari narudi kushoto kuutafuta unaofuata, na mara nyingine najikuta nasoma uleule.

Sasa swali lako. Ndiyo, mtu mwenye akili timamu anasoma maneno, ila hayasomi yakiwa uchi. Mwaka 2008 Hyunjin Song na Norbert Schwarz wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walichapisha utafiti ninaoutaja kila nikipata nafasi. Waliwapa wanafunzi maelekezo ya zoezi la viungo. Maelekezo yalikuwa yaleyale neno kwa neno, ila kundi moja lilipewa kwa fonti ya Arial na jingine kwa fonti ya brashi inayosumbua kusoma. Wakaulizwa: zoezi hili litachukua muda gani? Wa Arial walikadiria wastani wa dakika 8.2. Wa brashi, dakika 15.1, na hamu ya kulifanya ilikuwa ndogo zaidi. Hebu angalia kilichotokea. Uzito wa kusoma ulihamia kwenye zoezi lenyewe. Wanachama wako nao hawaji kukuambia jarida limepangwa vibaya. Wanaona mambo ya chama ni magumu, bora wayaulize mkutanini.

Utaniambia huo ni usomekaji, si uzuri. Basi na uzuri nao upo ushahidi wake. Mwaka 1995 Masaaki Kurosu na Kaori Kashimura, wa kitengo cha usanifu cha kampuni ya Hitachi huko Japani, walichora sura 26 za kioo cha mashine ya kutolea pesa. Kazi za mashine ni zilezile, mpangilio wa vitufe ndio uliobadilika. Watu 252 wakazipima. Ilionekana kwamba mtu akiiona sura ni nzuri huidhania pia kuwa rahisi kutumia, na uzuri ulikwenda sambamba na dhana hiyo kuliko urahisi wa kweli. Noam Tractinsky, mtafiti wa Israel, alishuku kwamba hayo ni ya Wajapani na mapenzi yao ya urembo. Akayarudia huko Israel, akachapisha mwaka 1997, na matokeo yakatoka na nguvu zaidi kuliko ya Japani.

Kwa hiyo, Katibu, itoe nembo nyuma ya maandishi, iweke juu, ndogo, mara moja tu. Baki na fonti moja ya maandishi na, ukipenda, nyingine ya vichwa. Gawa ukurasa safu mbili ili mstari uwe na herufi kati ya 45 na 70 hivi, nafasi zikiwemo. Ukitumia herufi za pointi 10, acha pointi 13 au 14 kutoka mstari hadi mstari. Nyekundu ibakize kwa jambo moja, tarehe ya ada, na uitoe tarehe hiyo ndani ya aya ikae juu peke yake. Halafu pambizo. Najua utaniambia karatasi ni ghali na nafasi tupu ni hasara. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa akiimba wimbo huo kila tulipofunga toleo. Ukurasa uliojazwa hadi ukingoni husomwa na aliyeuandika tu.

Shangazi, umetufungua macho lakini umejifunga mwenyewe. Kama uzuri wa ukurasa unamfanya mtu aamini, basi mwongo mwenye mpangaji hodari atamshinda mkweli asiye na mpangaji. Kazi yenu ina tofauti gani na ulaghai? – Mwenye Shaka

Swali hili wenzangu wengi hulikwepa kwa kusema wao ni mafundi tu. Mimi nakukubalia zaidi ya ulivyotaka. Rolf Reber na huyohuyo Schwarz mwaka 1999 waliwaonyesha watu sentensi fupi za aina ya "Osorno ni mji wa Chile". Nyingine zilikuwa kwa rangi inayoonekana vizuri juu ya usuli mweupe, nyingine kwa rangi hafifu. Zilizoonekana vizuri zilihukumiwa kuwa za kweli mara nyingi zaidi. Wino haujui jiografia, lakini ulisaidia kujibu swali la jiografia.

Picha ndizo hatari zaidi. Eryn Newman na wenzake walichapisha mwaka 2012 majaribio ambamo watu waliambiwa kwamba mtu fulani mashuhuri yu hai, au kwamba amekwisha kufa. Pembeni wakati mwingine kulikuwa na picha yake ya kawaida, isiyothibitisha lolote. Penye picha watu waliamini zaidi, dai liwe la uhai au la kifo. Tangu niyasome hayo, kila mwandishi akinijia na ombi la "picha yoyote ya kujazia" namuuliza picha hiyo inathibitisha nini.

Wapo waliovuka mpaka waziwazi. Juni 1994 mchezaji mashuhuri wa zamani wa Marekani, O. J. Simpson, alikamatwa kwa tuhuma za mauaji. Majarida mawili, Time na Newsweek, yakaweka jaladani picha ileile ya polisi katika wiki ileile. Newsweek waliiacha ilivyo. Time waliitia giza, uso ukawa mweusi zaidi na kivuli kikakolea. Yakakaa bega kwa bega mezani kwa wauza magazeti, na kila aliyepita akaona kwa macho yake kilichofanywa. Lawama zikawa kubwa, na kwa haki kabisa, maana kuukoleza weusi wa mtu ili aonekane wa kutisha ni kuazima chuki ambayo tayari imo vichwani mwa watu na kuiita usanifu.

Lakini si kila kosa huanza na nia mbaya. Februari 1982 wahariri wa jarida la National Geographic walikuwa na picha ya piramidi za Giza, kule Misri, iliyopigwa kwa mlalo, na jalada lao ni la wima. Wakazisogeza piramidi kwa kompyuta zikaribiane ili picha itoshe. Makaburi ya mafarao yaliyokaa mahali pamoja zaidi ya miaka 4,000 yakahamishwa kwa sababu ya upana wa karatasi.

Na lipo hili linaloninyima usingizi kuliko yote. Katika uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 2000, kule Palm Beach, Florida, msimamizi wa uchaguzi alitaka herufi za karatasi ya kura ziwe kubwa ili wazee wasome. Nia safi kabisa. Kwa kuwa herufi zilikua, majina yakajaa, ikabidi yagawanywe kulia na kushoto huku matundu ya kutoboa yakipangana katikati. Jina la mgombea Al Gore lilikuwa la pili upande wa kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la mgombea mwingine, Pat Buchanan, aliyeandikwa upande wa kulia. La Gore lilikuwa la tatu. Buchanan akapata kura 3,407 katika kaunti hiyo. Watafiti walikadiria baadaye kwamba zaidi ya 2,000 kati ya hizo zilikusudiwa Gore. George W. Bush, mpinzani mkuu wa Gore, aliichukua Florida kwa tofauti ya kura 537, na Florida ndiyo iliyompa urais.

Kipimo changu ni hiki, Mwenye Shaka. Naweza kuandika pembeni mwa ukurasa kile nilichokifanya, msomaji akisome? "Tumeongeza nafasi kati ya mistari ili usichoke." Hakuna atakayelalamika. "Tumeutia giza uso wa mtuhumiwa." Jaribu kuliandika hilo uone kama mkono utakubali. Kipimo hiki kisingeinasa ile karatasi ya Palm Beach, nakiri, kwa sababu pale hapakuwa na la kuficha. Makosa ya namna ile huonekana tu ukimketisha mzee mmoja mbele ya karatasi yenyewe, ukamwomba atoboe, nawe ukakaa kimya.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mpangaji kurasa, bado kijana. Mteja wangu anataka machweo, maua na mng'ao kila ukurasa. Nikimpa kazi safi yenye nafasi anasema ni kavu, haijaisha. Na wasomaji wake wanampenda hivyohivyo. Nani mwenye haki ya kusema kipi kizuri? Au uzuri ni mazoea tu? – Kijana wa Kompyuta

Marahaba mwanangu. Mazoea yana sehemu kubwa, ila hayamalizi habari.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tukikiona tena na tena huelekea kukipenda, hata kama hakina maana yoyote kwetu. James Cutting wa Chuo Kikuu cha Cornell akalipeleka wazo hilo kwenye picha za wachoraji wa Kifaransa wa karne ya 19. Watu walizipenda zaidi zile zinazochapwa mara nyingi vitabuni. Kisha kwa muhula mzima akawa anawaonyesha wanafunzi wake zile zisizojulikana sana, bila maelezo, zinapita tu kwenye kioo cha darasa. Mwisho wa muhula upendeleo wa zile maarufu ukawa umeyeyuka. Ukiishia hapo utasema basi, mteja wako ana haki sawa na yako, amezoea machweo nawe umezoea weupe.

Ila wapo wengine, Aaron Meskin na wenzake, waliochapisha mwaka 2013 jaribio la namna hiyo kwa picha za Thomas Kinkade, yule Mmarekani wa vijumba vyenye madirisha yanayowaka kama yameshika moto. Wanafunzi walivyozidi kuziona ndivyo walivyozidi kuzichoka. Kwa picha za John Everett Millais, Mwingereza wa karne ya 19, hilo halikutokea. Mimi nalielewa hivi: kutazama mara nyingi humpa mtu nafasi ya kuona kilichomo, na pale ambapo hakuna kingi, nacho huonekana. Kwa hiyo mng'ao wa mteja wako huenda ukavutia toleo la kwanza. Muulize kuhusu toleo la kumi.

Sasa zamu yako kukemewa. Huo "usafi" unaousema si hali ya asili ya ukurasa. Nao ni mtindo, una wazazi wake. Jan Tschichold, msanifu wa chapa wa Kijerumani, mwaka 1928 alihubiri kwamba herufi zisizo na vimkia, yaani vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi, na mpangilio usio wa kati ndio pekee unaofaa zama zake. Miaka 20 haikutimia, yuko London akivitengeneza upya vitabu vya shirika la uchapishaji la Penguin, na majalada yake mengi yamepangwa katikati, mengine kwa herufi zenye vimkia, kwa utulivu wa kizamani. Wala hakukubali kuona haya. Beatrice Warde, mwandishi wa mambo ya uchapaji, naye aliwaambia wachapaji wa London mwaka 1930 kwamba uchapaji mzuri hauonekani. Msomaji apite moja kwa moja hadi kwenye wazo. Kauli hiyo imenilea, na bado siiamini yote. Ukurasa mweupe wenye maandishi madogo unasema "mimi ni wa wasomi", na kuna msomaji atakayeufunga kwa kuona haukuandikwa kwa ajili yake. Hilo nalo ni jibu la msomaji, na umelisababisha wewe.

Upande wa pili yuko David Carson, aliyepanga jarida la muziki la Ray Gun. Mwaka 1994 aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, akayachapa kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu: nyota, mikasi, vidole. Nilicheka. Ningekuwa Ferry nisingecheka.

Kwa mteja wako, usibishane naye juu ya uzuri, utashindwa, pesa ni zake. Chapa ukurasa uleule kwa namna mbili, yake na yako. Mwite msomaji wake halisi, mwambie atafute namba ya simu au tarehe ya tukio, na mteja awepo akitazama kidole cha msomaji kinavyotangatanga. Na kama kidole kitafika haraka zaidi kwenye ukurasa wa machweo, rudi kwangu tuongee upya.

Shangazi, ni kweli kuna kipimo cha dhahabu, upana 1 kwa urefu 1.618, kinachofanya kila kitu kipendeze? – Mhandisi

Gustav Fechner, Mjerumani, alichapisha mwaka 1876 jaribio la kuwaonyesha watu mistatili kumi. Zaidi kidogo ya theluthi walichagua wa kipimo hicho, na mingine iliyokaribiana nao nayo ilipata wengi. Waliokuja kurudia baada yake wamepata majibu ya kila rangi. Kitumie kama kinakusaidia kuanza kuchora. Karatasi ya A4 ni 1 kwa 1.414, na sijapata kusikia barua ya mapenzi iliyokataliwa kwa sababu hiyo.

Mwanangu, hujambo? Nimevuka miaka sabini, miwani ninayo, taa ninayo. Siku hizi kuna jarida ninalolipenda, limeanza kuchapwa kwa herufi za kijivu, nyembamba mno. Mjukuu ananiambia ndiyo za kisasa. Mimi naona nimefungiwa mlango. – Bibi wa Miwani

Shikamoo Bibi. Sijambo, namshukuru Mungu.

Mjukuu kasema kweli, ni za kisasa. Zinapendeza ukizitazama kwa mbali, kama zinavyotazamwa na wanaotoa tuzo za usanifu. Anayezipanga mara nyingi ni kijana mwenye macho makali, amekaa mbele ya kioo kinachotoa mwanga wake chenyewe, na pale kijivu huonekana kama hekima. Kikishuka kwenye karatasi kinakuwa vumbi. Na macho yako hayana hila: umri ukienda mboni hupungua upana na lenzi huwa ya manjano, mwanga unaofika ndani ukawa sehemu tu ya ule wa ujanani. Kwa hiyo wewe na yule kijana hamtazami ukurasa mmoja.

Kwa kurasa za intaneti kuna kipimo kinachokubalika kimataifa. Maandishi ya kawaida yapate tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 na usuli wake, na yale makubwa 3 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Kile kijivu ambacho kompyuta hukiita 777777, wanachokipenda sana, kinapata 4.48 juu ya nyeupe, yaani kinaanguka mtihani kwa unywele. Kwenye karatasi hakuna anayewapima, ndiyo maana wamejiachia.

Mwandikie mhariri, lakini usimwambie huoni, atakushauri ubadilishe miwani. Chukua ukurasa wa jarida lake, keti nao mahali unaposomea siku zote, usome kwa sauti, na kila unapokwama piga duara kwa kalamu nyekundu. Kisha mrudishie ukurasa huohuo kwa posta. Barua ya lawama mpangaji anaweza kuitupa. Kazi yake mwenyewe iliyojaa maduara ataitazama, apende asipende. Na kama mjukuu ndiye aliyelipanga hilo jarida, jambo ambalo nimeanza kulishuku tangu mstari wa tatu wa barua yako, okoa stempu, mpe mkononi.